Akupancha kwa maumivu ya kiuno na goti: madhara yake ni yapi, hasa kwa mgonjwa anayetumia wafarini?

Binti wa Chumbageni

Wanajukwaa, salaam. Mama yangu ana umri wa miaka 63 na tunaishi naye hapa Tanga. Kwa muda mrefu anasumbuliwa na maumivu ya kiuno yanayoshuka hadi kwenye paja la kulia, pamoja na goti la mguu huohuo ambalo gegedu lake limelika. Diklofenaki ndiyo iliyokuwa ikimpa nafuu, lakini daktari wake ameipiga marufuku kabisa, kwanza kwa sababu ana kisukari na figo zake zinapaswa kulindwa, na pili kwa sababu anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu alipopatikana na damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu wa kushoto. Parasetamoli anameza, ila usingizi bado ni wa shida, na asubuhi humchukua muda kusimama kutoka kitandani.

Jirani yetu amemsifia kliniki moja ya tiba ya Kichina iliyopo hapa mjini, ambako yeye mwenyewe alichomwa sindano za akupancha na maumivu ya shingo yakapungua. Nilikwenda kuulizia. Nikaambiwa mama atachomwa kiunoni, makalioni, gotini na mabegani mara mbili kwa wiki, kwamba baadhi ya sindano zitaunganishwa na umeme mdogo, na kwamba atawekewa pia vikombe vya kuumika mgongoni. Nilipouliza kuhusu madhara, mhudumu alinijibu kwamba tiba hii haina madhara yoyote kwa kuwa haina dawa ndani yake. Jibu hilo ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu kitu kinachopenya ngozi ya mtu hakiwezi kukosa hata dhara moja.

Ninaomba mwenye elimu anieleze madhara ya kweli ni yapi, yapi ni ya kawaida na yapi ni ya kukimbilia hospitali, na je, mtu mwenye hali kama ya mama yangu anaruhusiwa kuchomwa? Mama mwenyewe anataka sana kujaribu, nami sipendi kumkatalia jambo linaloweza kumsaidia.

Mtaalamu wa Viungo, Moshi

Dada, pole kwa kuuguza, na umefanya vyema kuuliza kabla ya sindano ya kwanza. Kazi yangu ni fiziotherapia na nimefundishwa kutumia sindano hizo kwa misuli iliyokaza, kwa hiyo nitajibu kuhusu sindano zenyewe, na mambo ya wafarini nitawaachia madaktari.

Sindano ya akupancha haina tundu ndani, na unene wake kwa kawaida ni kama robo ya milimita, ilhali sindano ya kuchomea dawa misulini hufikia milimita 0.8. Wembamba huo ndio unaofanya madhara yake mengi yawe madogo. Ujerumani walifuatilia wagonjwa 229,230 waliotibiwa na madaktari waliosomea akupancha, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Asilimia 8.6 ya wagonjwa hao walisema walipata angalau dhara moja, na lililoongoza lilikuwa kutoka damu kidogo au kuvilia damu chini ya ngozi, jambo lililowapata asilimia 6.1. Maumivu ya sindano yaliwapata asilimia 1.7. Waliohitaji kutibiwa kwa ajili ya dhara walilopata walikuwa asilimia 2.2. Uingereza nako, katika uchunguzi wa mwaka 2001 uliohusu vipindi vya tiba vipatavyo 34,000, halikuripotiwa tukio hata moja la hatari kubwa. Kwa hiyo alama za bluu, uchovu, usingizi mzito baada ya tiba, kizunguzungu cha dakika chache, na hata maumivu kuzidi kwa siku moja au mbili kabla ya kutulia ni mambo unayopaswa kuyatarajia bila kutishika. Kutokana na usingizi huo, mgonjwa asiendeshe gari wala pikipiki mara tu anapotoka kitandani baada ya tiba yake ya kwanza.

Ila takwimu hizo ni za watu waliosomeshwa. Dhara kubwa linaloripotiwa kuliko yote ni kutobolewa kwa pafu. Hewa huvuja kutoka kwenye pafu na kuingia katika nafasi iliyopo kati ya pafu na ukuta wa kifua, na pafu husinyaa. Katika Wajerumani wale zaidi ya laki mbili iliwapata watu 2 tu, lakini ukimtazama mtu mwembamba utaelewa kwa nini haipaswi kuchukuliwa kwa wepesi: kati ya uti wa mgongo na fupa la bega, pafu linaweza kuwa sentimita 1 au 2 tu chini ya ngozi, na sindano nyingi zinazouzwa zina urefu unaopita hapo. Sehemu nyingine ya kuogopa ni nyama ya juu ya bega, katikati ya shingo na ncha ya bega, ambayo wagonjwa wengi huipenda kwa kuwa ndipo uchovu unapojaa. Nyama hiyo ukiibana kwa vidole na kuinyanyua, halafu ukachoma ile iliyonyanyuka, upo salama. Ukichoma wima kuelekea chini, unaelekea kwenye ncha ya pafu.

Shida ya jeraha hili ni kwamba mgonjwa anaweza kuondoka kliniki akiwa mzima kabisa, akaanza saa kadhaa baadaye, hata kesho yake, kuhisi kichomi anapovuta pumzi, kikohozi kikavu na pumzi kuwa fupi anapopanda ngazi. Kwa kuwa saa zimepita, wengi hawalihusishi na sindano. Mtu wa namna hiyo aende hospitali akapigwe eksirei ya kifua, na amwambie daktari waziwazi kwamba alichomwa sindano za mgongo.

Vipo pia vifo vilivyoandikwa katika majarida ya tiba vilivyotokana na sindano kufika kwenye moyo. Katika watu 100, kama 5 hadi 8 huzaliwa na kitundu kidogo katika mfupa wa kidari, kitundu ambacho hakionekani wala hakihisiki kwa kidole, na sindano ikichomwa wima hapo inaweza kupita moja kwa moja. Kwa sababu hiyo tunafundishwa kwamba sindano ya kidari hulazwa ikaenda sambamba na ngozi, kwa kila mtu, bila kukisia nani ana kitundu na nani hana.

Kwa mama yako, ninachokushauri ni kuuliza kwa nini mabega yahusishwe ilhali anaumwa kiuno na goti. Wenye mila ya Kichina wana maelezo yao kuhusu nukta zilizo mbali na maumivu, nami siyadharau, lakini nukta za namna hiyo zipo pia mikononi na miguuni ambako hakuna pafu la kutobolewa.

Mwenyeji wa Likoni

Mimi si daktari, nitasimulia yaliyonipata kwa ajili ya kipandauso. Nilikwenda kliniki moja Mombasa siku ya Alhamisi nikiwa nimefunga sunna. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Nilikalishwa kwenye kiti kisicho na egemeo, nikachomwa nyuma ya shingo, kichwani na kwenye nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha mhudumu akatoka akafunga mlango. Baada ya muda mfupi masikio yalianza kuvuma, jasho baridi likanitoka, na kilichofuata ni kujikuta sakafuni huku sindano ya mkononi ikiwa imepinda kama ndoano. Nilipelekewa maji na sukari, sindano zikatolewa haraka haraka, nikaondoka. Wakati wa magharibi, nilipovua kofia nitie udhu, kidole changu kiligusa kitu kigumu nyuma ya sikio ndani ya nywele: sindano moja ilikuwa bado imesimama mahali pake.

Niseme pia ukweli kwamba kichwa kiliuma sana kesho yake, kisha kikatulia kwa muda mzuri kuliko nilivyozoea, na nimerudia tiba hiyo mahali pengine. Huko hulazwa kitandani, huulizwa nimekula nini, kengele ya kumwita mhudumu huwekwa karibu na mkono wangu, na mwisho mhudumu huhesabu sindano kwa sauti akilinganisha na idadi aliyoiandika kwenye karatasi kabla ya kuanza. Dada, mama mwenye kisukari asiende na njaa kabisa, na usikubali akalishwe kwenye kiti.

Muuguzi Mstaafu

Mwenyeji wa Likoni amegusa jambo la sindano kusahaulika, na si jambo la watu wadogo peke yao. Mwaka 2011 Roh Tae-woo, aliyekuwa rais wa Korea Kusini, alilazwa kwa kikohozi kisichoisha, na madaktari wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul wakamtoa sindano ya akupancha yenye urefu wa zaidi ya sentimita 6 kutoka katika njia ya hewa ya pafu lake. Kwa hiyo kuhesabu sindano ni sehemu ya tiba yenyewe.

Langu hasa ni usafi, kwa kuwa nimefanya kazi wodini miaka mingi na ninajua virusi vya homa ya ini aina ya B vilivyo vigumu kufa. Vinaweza kubaki hai juu ya kitu kilichokauka kwa siku 7 au zaidi, na tone la damu lisiloonekana kwa macho linatosha kuvihamisha. Birmingham, Uingereza, mwaka 1977, watu 36 waliambukizwa katika kliniki moja ya akupancha. Mwaka 1984 jambo la namna hiyo likatokea katika jimbo la Rhode Island, Marekani, wakaambukizwa 35. Zama zile sindano zilitumika tena na tena. Siku hizi sindano ya kutumika mara moja ni kitu cha bei nafuu, kwa hiyo kliniki isiyonazo haina udhuru, na kwetu Afrika Mashariki, ambako homa ya ini B imeenea kuliko Ulaya, haina udhuru mara mbili.

Nenda, mwanangu, ukatazame kwa macho yako. Sindano ziwe ndani ya pakiti iliyofungwa, yenye karatasi upande mmoja na plastiki upande wa pili, na juu yake pameandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti ifunguliwe mbele ya mgonjwa. Mhudumu anawe mikono, na asishike mwili wa sindano, yaani sehemu inayoingia, kwa vidole vitupu ili kuinyoosha au kuiongoza. Hilo la mwisho hulioni mara nyingi likitajwa, na ndilo ninaloliona likifanywa hata na watu nadhifu. Baada ya kutumika, kila sindano iingie katika kisanduku cha usalama, kile cha njano tunachokijua sote tangu kliniki za chanjo. Ukiona sindano zimelazwa ndani ya chombo chenye spiriti zikisubiri mgonjwa anayefuata, chukua mkoba wako uondoke, maana spiriti haiui kila kitu. Chombo cha kurudiwa kinahitaji mvuke wa joto la nyuzi 121 ulioshindiliwa, na si kuloweshwa.

Kuna maambukizi mengine ambayo huchelewa kugundulika. Vipo vimelea vya ukoo mmoja na vile vya kifua kikuu vinavyoishi katika maji na udongo, na vimewahi kuleta milipuko katika kliniki za akupancha kupitia vitambaa vya moto, majimaji ya kusafishia ngozi au vifaa vilivyooshwa vibaya. Mgonjwa hupona vizuri, kisha wiki kadhaa baadaye palepale palipochomwa sindano hutokea kivimbe chekundu kisichouma sana, kikapasuka na kukataa kupona kwa dawa za kawaida. Mwenye kisukari akiona kivimbe cha namna hiyo asisubiri. Wenye valvu za moyo zilizoharibika, na kwetu wapo wengi kwa sababu ya homa ya baridi yabisi ya utotoni, wasikubali zile sindano ndogo zinazoachwa sikioni kwa siku kadhaa, kwa kuwa bakteria wa ngozi wanaweza kuingia katika damu na kwenda kukaa kwenye valvu.

Mzee wa Ng'ambo

Nimesoma yote yaliyoandikwa na ninayaheshimu, lakini ninahisi tunamtisha mgonjwa bure. Sisi Zanzibar tumewajua madaktari wa Kichina tangu mwaka 1964, walipofika na kuanza kututibu, na Bara waliwapokea mwaka 1968. Wazee wetu wamechomwa sindano hizo, wamepungukiwa maumivu, wamerudi nyumbani kwao. Kuumika kwa chuku tulikuwa nako hata kabla yao. Kwa upande wa pili, hizo dawa za jamii ya diklofenaki ambazo watu huzinunua dukani bila cheti zinatoboa matumbo na kuua figo kila siku, na hakuna anayefungua mada kuzijadili. Kama mama anaumia na ameambiwa asimeze diklofenaki, basi sindano ni rehema kwake.

Daktari wa Wilaya

Mzee wangu, shikamoo. Kuhusu diklofenaki ninakuunga mkono kwa moyo wote. Ukilinganisha dhara kwa dhara, akupancha iliyofanywa na mtu aliyesomea ni salama kuliko kumeza dawa hizo mwaka mzima, na kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia wafarini tofauti hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu tumbo likitoka damu wakati damu haigandi vizuri, kuizuia ni kazi nzito. Wala sikatai kwamba inasaidia. Uchambuzi uliounganisha takwimu za wagonjwa 20,827 na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba akupancha hupunguza maumivu ya muda mrefu ya mgongo, shingo, kichwa na magoti, ingawa sehemu inayozidi ile ya sindano za kuigiza, zinazotumika kwa kulinganisha, ni ndogo. Wataalamu wenyewe hawajatulia: taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, iliipendekeza kwa maumivu ya kiuno mwaka 2009, ikaiondoa kwa maumivu hayo mwaka 2016, na mwaka 2021 ikairuhusu kwa baadhi ya maumivu sugu yasiyo na chanzo kinachoonekana. Mtu anayekuambia haisaidii kabisa na mtu anayekuambia inaponya kila kitu wote wamezidisha.

Ila dhara ninaloliona mimi mara nyingi kuliko pafu kutobolewa halimo katika orodha ya majeraha ya sindano, nalo ni ugonjwa kuchelewa kutambuliwa. Maumivu ya kiuno kwa mtu aliyepita miaka 50 katika nchi zetu yanaweza kuwa ya kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hula pingili taratibu bila mgonjwa kukohoa hata siku moja. Yanaweza kuwa saratani ya tezi dume au ya titi iliyohamia kwenye mifupa. Yanaweza kuwa mshipa mkuu wa damu uliotanuka tumboni. Sindano humpunguzia mgonjwa wa namna hiyo maumivu kiasi cha kumfanya asiende hospitali, miezi inapita, na anapoletwa kwetu amebebwa kwa kuwa miguu imepooza. Nimempokea mgonjwa wa hivyo, mkulima, ambaye karatasi zake za tiba za miezi mingi zilijaa majina ya nukta za sindano, na ndani yake hapakuwa na hata eksirei moja ya mgongo. Kliniki iliyompokea ilipokea malipo kila wiki, na hakuna aliyemwuliza kwa nini amekonda.

Kwa hiyo, dada, kabla ya kuzungumzia sindano, hakikisha kiuno cha mama kimechunguzwa. Maumivu yanayoshuka pajani kwa mtu wa miaka yake mara nyingi hutokana na diski au na njia za mishipa ya fahamu kuwa finyu, na hayo hayatishi. Lakini akiwa na homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, maumivu yanayozidi akiwa amelala, au historia ya saratani, anahitaji vipimo vya damu na picha. Akipata ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, akashindwa kuzuia mkojo au choo, au mguu ukalegea ghafla, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Kesho yake unaweza kuwa umechelewa.

Pia uulize kama kliniki na mganga wake wamesajiliwa. Tanzania Bara tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lililoundwa kwa sheria hiyo ndilo linalosajili watoa huduma wa aina hii. Cheti kinapaswa kuwa ukutani, na jina lililomo liwe la yule anayeshika sindano, siyo la mwenye jengo.

Binti wa Chumbageni

Ninawashukuru sana nyote, na Mzee wa Ng'ambo sijachukulia vibaya, kwa kuwa mama mwenyewe amesema maneno kama yako. Nimerudi kliniki nikiwa na maswali yenu. Sindano zao ni za pakiti, nimeziona, na kisanduku cha usalama kipo. Cheti nimeonyeshwa na kina jina la mganga mwenyewe. Mabega wamekubali kuyaacha. Picha ya kiuno mama alipigwa hospitali ya mkoa na tuliambiwa ni pingili zilizochakaa, na hana homa wala hajakonda.

Lakini nilipotaja wafarini, mganga alisema mama aiache kwa siku chache kabla ya kila wiki ya tiba ili asivilie damu, na badala yake atampa dawa ya mizizi ya kusafisha damu, ya kuchemsha na kunywa asubuhi. Alilisema kwa upole na kwa kujiamini. Je, hilo ni sawa? Na je, umeme na vikombe viendelee?

Daktari wa Wilaya

Dada, hilo si sawa hata kidogo, na ninakuomba umwambie mama leo. Wafarini hatumii kwa hiari. Inazuia donge la damu mguuni lisikue, na lisikatike likasafiri hadi kwenye mapafu, jambo linaloweza kumwua mtu ndani ya dakika chache. Hakuna tiba ya maumivu ya goti inayostahili hatari hiyo. Anayeweza kuisimamisha ni daktari anayempima tu, na kwa sindano nyembamba zisizokwenda ndani sana hana haja ya kuisimamisha.

Linalotakiwa ni kujua damu yake ikoje kabla ya kuchomwa. Katika kadi yake ya kliniki kuna kipimo kinachoandikwa INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Kwa mtu aliyepata donge la damu mguuni tunalenga kiwe kati ya 2 na 3. Kikiwa humo, na kilichukuliwa karibuni, anaweza kuchomwa kwa uangalifu: sindano chache, nyembamba, gotini na kwenye misuli ya juu juu ya kiuno, na kila inapotoka paminywe kwa pamba safi kwa dakika mbili au zaidi badala ya kupanguswa tu. Kikiwa juu ya 3, asubiri. Sindano ndefu zinazolenga karibu na uti wa mgongo au ndani kabisa ya makalio asikubali, kwa sababu damu ikivilia sehemu iliyobanwa kama ile, hakuna wa kuiminya, na ikivilia ndani ya mfereji wa uti wa mgongo inaweza kupoozesha miguu. Paja likivimba na kukaza, au mguu ukaisha nguvu baada ya tiba, aletwe hospitali.

Dawa ya mizizi asinywe. Baadhi ya mizizi inayotumika sana katika tiba ya Kichina, ukiwemo ule unaoitwa danshen na mwingine unaoitwa dong quai, huongeza nguvu ya wafarini, na mgonjwa anaweza kuanza kutokwa damu puani, katika fizi au tumboni bila kuelewa kisa. Na kwa kuwa umetaja parasetamoli, mjulishe daktari wake ni vidonge vingapi anameza kwa siku, kwani nayo ikitumika kila siku kwa wingi hupandisha INR.

Vikombe viachwe. Kwa mtu wa wafarini hata vile vikavu huacha michubuko mikubwa, na vya kuchanja ngozi havifai kabisa. Umeme usipitishwe kwenye mguu wa kushoto uliokuwa na donge, na mguu huo usichomwe wala kukandwa. Kama ana kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, umeme hauruhusiwi popote mwilini. Kwa sababu ya kisukari, chunguza kama nyayo zake zina ganzi: asiwekewe taa ya joto wala majani ya pakanga yanayowashwa juu ya ngozi, maana ataungua bila kuhisi. Sindano zisiguse nyayo wala vidole vya miguu.

Mtaalamu wa Viungo, Moshi

Ninaongeza moja upande wangu. Goti lililochakaa gegedu linahitaji misuli ya paja yenye nguvu, na hiyo sindano haiwezi kuijenga. Siku ambazo maumivu yamepungua baada ya tiba ndizo za kumfanyisha mama mazoezi: akae kitini, aunyooshe mguu wa kulia mbele hadi goti lifungane, aushikilie kwa sekunde 5, aushushe polepole, arudie mara 10, asubuhi na jioni. Katika daftari muandike maumivu yake kwa kipimo cha 0 hadi 10 kabla ya kila tiba na kesho yake, na muda anaochukua kusimama kutoka kitandani. Kama baada ya vipindi 6 namba hazijashuka, hakuna sababu ya kuendelea kulipa wala kuendelea kumchoma.

Binti wa Chumbageni

Nimempigia mama simu nikiwa njiani, na wafarini ya jioni ameshaimeza. Kadi yake inaonyesha INR ya 2.6 ya wiki iliyopita. Kliniki nitawaambia habari ya mizizi, umeme na vikombe kabla hatujalipa, na wasipokubali tutakwenda kutafuta fiziotherapia hospitali ya mkoa.